Kamba Shingoni

Bi Maureen, mbwa wako hana neno.
Umeniambia mara kumi na moja sasa,
kila mara kutoka ng'ambo ya uwanja,
mikono mifukoni:
"Hana neno! Anataka kucheza tu!"
Na Bruno kwishafika,
kilo arobaini za kucheza tu,
ulimi nje, matope hadi tumboni,
nami nimegeuka mlingoti.

Sikatai. Huenda kweli hana neno.
Ila mimi na yeye hatujawahi kuzungumza.
Na tangazo la halmashauri pale langoni,
lenye picha ya mbwa na kamba,
yeye hawezi kulisoma.
Wewe unasoma.

Jumanne ile alimwangusha Mwanahawa.
Hakumng'ata. Nasema wazi, hakumng'ata.
Alimwekea miguu miwili kifuani,
mtoto wa miaka sita, siku ya kupigwa picha shuleni,
akamlamba uso mzima
kama mtu anayefuta ubao.
Katika picha sweta ina nyayo mbili
na tabasamu limeishia upande mmoja wa mdomo.
Tuliinunua hiyo picha. Pauni kumi na mbili.

Tangu hapo tunazungukia njia ya mfereji,
dakika kumi na nne zaidi,
mvua ya Burnley ikitusindikiza.
Bruno yuko huru;
anayepimiwa urefu wa kamba ni mimi.

"Kwenu hakuna mbwa?" uliniuliza, kwa upole.
Kwetu Korogwe mbwa wapo, Bi Maureen.
Baba alikuwa na Popo, sikio moja nusu,
akibweka usiku mpaka mwezi ukaona haya.
Popo alipokula kuku watatu wa kina Shemweta
baba hakusema Popo hana neno.
Alivaa kanzu iliyopigwa pasi,
akambeba jogoo wake mwenyewe kwapani,
akaenda kuomba radhi
kwa jina lake, si la mbwa.

Mtaa umegawanyika.
Bwana Ashworth wa namba tisa kaandika barua tatu;
paka wake hatoki tena, anaitazama dunia kupitia kioo.
Janice anasema Bruno ana adabu kuliko mumewe,
na mumewe, aliyekuwa amesimama hapo hapo, hakupinga.
Imtiaz wa duka la kona anauza chakula cha mbwa
na dawa ya vidonda.
Hana upande.

Kisha ukaleta keki. Ya tangawizi.
Nisiseme uongo, tuliila yote,
Mwanahawa akaokota chembe kwa ncha ya kidole.
Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu.
Nikairudisha na kamba juu yake,
nyekundu, imara, pauni sita kwa Imtiaz.
Ulicheka sana.
Ukasema rangi itampendeza.

Leo ukungu umelala uwanjani
nasi tumejaribu tena njia fupi.
Nimeiona kamba yangu kwa mbali, nyekundu,
imening'inia shingoni.
Shingoni mwako, Bi Maureen,
kama kile kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo.
Na Bruno huyo anakuja, nyasi zikiruka nyuma yake,
na vidole vya Mwanahawa vimenibana,
na wewe kule umeshafungua mdomo.

Nimekuwahi.
Nimempandisha mtoto mabegani,
nikampita mbwa, ambaye amesimama kwa mshangao,
nikakukimbilia wewe,
mikono imetanuka, matope hadi magotini,
napiga kelele kwa pumzi yangu yote:
"Sina neno, Bi Maureen! Nataka kucheza tu!"

Hapo ndipo nilipoona, kwa mara ya kwanza,
mkono wako ukipapasa shingo,
ukiitafuta kamba.